Mji wa Dunia na Dhamana ya Mgeni

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu kwa jahazi. Kabla hajakanyaga nchi kavu aliona jambo aliloliona linafaa kuandikwa. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walitoka na mashua ndogondogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akampa ile sahani na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakufikia kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa kama alikuwa mtu aliyekwisha kuuzoea mji na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Na mtu aliyemlalia mgeni katika bei, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilihesabika batili.

Sahani ile ilikuwa ya ukarimu, na ilikuwa ya hesabu vilevile. Mgeni alipata paa, mkalimani na mtu wa kumkinga na matapeli. Mwenyeji alipata faida yake. Mji nao ulipata sifa iliyomfanya mfanyabiashara wa Aden au wa Gujarat atamani kurudi na pepo za kaskazi zijazo. Kila mgeni mwenye shughuli alikuwa na mtu wa kumjibia, na kila mtu wa mji alijua kwamba mgeni huyo ana mwenyewe. Nalishika jambo hilo kuwa msingi wa tafakuri hii. Naamini mji unakuwa wa dunia pale unapoweka masharti ya haki kati ya anayekuja na anayeishi hapo, na unaanza kuyumba pale masharti hayo yanapovunjwa, awe ameyavunja mgeni, mwenyeji au mtawala.

Wasomi wa leo wana mizani nyingine. Saskia Sassen, katika kitabu chake cha mwaka 1991, aliitaja New York, London na Tokyo kuwa miji iliyoshika hatamu za uchumi wa dunia: viwanda vimetawanyika nchi mbalimbali, lakini maamuzi, mikopo, bima na mikataba vinarundikana mahali pachache. Aliona pia jambo ambalo wengi wanaomnukuu hulisahau, kwamba maghorofa hayo ya fedha yanaendeshwa kila siku na wasafishaji, walinzi na wapishi wanaolipwa kidogo, wengi wao wahamiaji. Baada yake, watafiti wenye makao katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wamekuwa wakiipanga miji kwa madaraja ya alfa, beta na gama, wakitazama jinsi ofisi za makampuni ya uhasibu, sheria, fedha, matangazo na ushauri zilivyounganishwa toka mji hadi mji.

Siipuuzi mizani hiyo. Fedha inaamua mengi, na anayetaka kujua nani anaamuru nani hana budi kutazama ofisi ziko wapi. Lakini mizani ya ofisi ina upofu wake. Haimwoni mama wa Lubumbashi anayeingia Dar es Salaam na fedha za mtaji wa ndugu watano, akaondoka na marobota ya vitenge na viatu. Haiuoni mji uliokuwa na maghorofa machache lakini ukawa mezani kila walipokaa watu kujadili ukombozi wa nusu ya bara. Na haisemi lolote juu ya mtu anayelala chini ya majengo hayo, wala juu ya mtu anayefia ndani yake.

Kutoka Mogadishu Ibn Battuta aliteremka hadi Mombasa, kisha Kilwa, katika zama za Sultani Hassan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lenye hodhi la pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa watu wake, na vyombo vya kaure kutoka China vilifika majumbani mwao. Sarafu ya shaba ya sultani huyo ilichimbuliwa Great Zimbabwe. Sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kwa mji wa kisiwani uliokuwa na watu wachache kuliko kata moja ya Temeke leo, mkono wake ulikuwa mrefu.

Hata hivyo nisiupambe. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akishambulia bara na kurudi na ngawira, na katika ngawira hiyo ndimo mlimotoka mafungu ya masharifu na wageni. Mgeni wa baharini alikirimiwa kwa mali iliyoporwa kwa jirani wa nchi kavu. Doa hilo limeifuata miji yetu ya pwani kwa karne nyingi. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na konseli wa Marekani tangu mwaka 1837. Vitambaa vya pamba kutoka Massachusetts, vilivyojulikana kama merikani, vilivaliwa hadi pwani za Ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu zilizopita Forodhani zilikwenda Connecticut kutengenezwa vifunguo vya piano. Kwa kipimo chochote huo ulikuwa mji wa dunia. Nahodha wa Salem, Marekani, alipata mwenyeji, baraza na kahawa. Aliyeletwa kwa minyororo kutoka nchi za Ziwa Nyasa alipelekwa sokoni Mkunazini, na hakupata mtu wa kumjibia mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Basi swali la kuuliza mji wowote unaojiita wa dunia ni hili: umewafungulia nani mlango, na nani amelipia karamu?

Masharti huvunjwa na mgeni pia. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga, akadai kodi ya dhahabu kwa mfalme wake. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuingia mji kwa nguvu, akaupora na kujenga ngome. Wareno hawakuja kutafuta mwenyeji. Walikuja kuchukua nafasi yake. Haikuchukua miaka kumi wakaiacha ngome yenyewe, kwa sababu biashara waliyoifuata iliwakimbia. Wafanyabiashara waliokuwa wakija kwa hiari walikwenda kwingine. Somo hilo la Kilwa linafaa kukumbukwa kila panapozungumzwa mikataba ya bandari.

Ndiyo maana sikuwaona wakorofi wale waliopaza sauti mwaka 2023, Bunge la Tanzania liliporidhia mwezi Juni makubaliano na Dubai juu ya bandari, na kampuni ya DP World ikatajwa kila kijiweni. Wapo waliosema kwa ubaguzi, na hao sina la kuwatetea. Lakini kiini cha hoja za wengi kilikuwa halali kabisa: mgeni huyu anaingia kwa masharti gani, kwa muda gani, na tukishindwana nani ataamua? Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Zambia, Kongo, Burundi, Rwanda, Malawi na Uganda. Bandari ya namna hiyo inahitaji mitambo mizuri na waendeshaji wanaojua kazi. Inahitaji pia wananchi wanaouliza maswali hadharani bila kuogopa, maana bila maswali hayo mwenyeji anageuka mpangaji kwenye nyumba yake.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye Dar es Salaam ya miaka ya 1960, kwa sababu ndiyo inayonishughulisha zaidi. Sensa ya 1967 iliukuta mji wenye watu wasiofika laki tatu. Viwanda vilikuwa vichache, na nchi ilikuwa maskini kwa kila kipimo cha vitabuni. Lakini mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa hapo. Mwaka 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa, Kamati yake ya Ukombozi ilipewa makao Dar es Salaam. Watu wa ANC na PAC wa Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZANU na ZAPU za Rhodesia, wote walikuwa na ofisi au wawakilishi katika mji huo. Malcolm X alipita mwaka 1964. Che Guevara alipitia hapo akienda na akirudi kutoka vita vya mashariki mwa Kongo. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu pale Mlimani, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa huko. Redio ya taifa ilitangaza kwa lugha za watu waliokuwa bado wanatawaliwa.

Wageni hao hawakuja na mitaji. Walikuja na njaa, siri, magomvi ya ndani na maadui wenye ndege za kivita. Na mwenyeji alilipia. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, na ikakosa mkopo iliokuwa ikiutegemea. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Zambia ilipobanwa upande wa kusini, mafuta yake yalipitishwa kwa malori katika barabara mbovu ya vumbi na matope, mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Kisha ikajengwa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Ninapofikiria nini kinaupa mji uzito duniani, najikuta nikirudi kwenye miaka hiyo. Wachumi watasema ilikuwa hasara. Mimi nasema ndipo mji huo ulipokuwa na jambo la kuiambia dunia, na dunia ikasikiliza. Leo mtu wa Maputo, Windhoek au Johannesburg aliyepita umri wa miaka sabini anaitaja Dar es Salaam kwa namna ambayo hakuna tangazo la utalii linaloweza kuinunua. Heshima hiyo ilipatikana kwa kumkubali mgeni asiyekuwa na cha kutoa, na kukubali kuulizwa na wakubwa kwa nini umemkubali.

Sasa twende Kariakoo, maana hapo ndipo dunia inapokutana na Dar es Salaam kila asubuhi. Eneo hilo lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya kuutwaa mji katika Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo ni mahali pa watu wanaobeba. Mitaa yake ina majina ya Kongo, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Livingstone, Lumumba na Aggrey. Saa mbili asubuhi makuli wanapita na mizigo begani wakipiga kelele wapishwe, maguta yamebanana na bodaboda, na wauza maji wanapenya katikati.

Simama mbele ya duka moja la jumla ukatazame. Mama wa Kikongo ameketi kwenye stuli ya plastiki, mkoba ameupakata. Kijana wa duka anahesabu dazeni za sendozi kwa sauti, wote wawili wakifuatisha kwa macho. Zikitimia, zinaingizwa kwenye kiroba kikubwa, kinakandamizwa kwa goti, kinashonwa kwa sindano ndefu na kamba ya nailoni, kisha kinazungushiwa utepe wa gundi mpaka kinakuwa robota gumu kama jiwe. Kijana anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika jina, namba ya simu na herufi kubwa: LUBUMBASHI. "Mama, mzigo wako umekamilika, hesabu mwenyewe," anasema. "Aksanti, papa," anajibu kwa Kiswahili cha Katanga, kisha anahesabu kweli, robota baada ya robota, akiligusa kila moja kwa kiganja. Wakala wa usafirishaji anakuja na daftari. Mzigo utakwenda Tunduma, utavuka Nakonde, utaikata Zambia na kuingia Kongo kupitia Kasumbalesa, safari ya takriban kilomita 2,000. Mama anaweza kutangulia kwa basi. Kinachomrudishia mzigo wake ni karatasi moja ya daftari, namba ya simu, na jina la wakala linalojulikana Kariakoo na Lubumbashi.

Mwenye duka naye ni mgeni mahali pengine. Bidhaa hizo alizifuata Guangzhou au Yiwu, China, akalala hoteli ya bei nafuu, akaongozwa viwandani na Mtanzania au Mchina anayejua kazi ya ukalimani, akachangia kontena na wenzake watatu ili kila mmoja apate nafasi ya kumtosha. Wengine wanakwenda Dubai au Istanbul. Hata kama ofisi zao hazimo katika jedwali la Loughborough, watu hao wameunganisha mabara kwa kazi yao wenyewe. Kinachowabeba ni kile kilichowabeba wafanyabiashara wa mwaka 1331: mtu wa kule anayekubali kusimama kwa niaba yako.

Hapa ndipo linapokuja suala lililowagawa watu. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, miongoni mwake biashara ya jumla na rejareja, huduma za kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na kununua mazao shambani. Amri hiyo ilitanguliwa na malalamiko ya miaka. Wafanyabiashara wa Kariakoo, waliogoma Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa sababu ya kodi na namna ya kuzidai, walikuwa pia wakilalamika kwamba wageni, hasa kutoka China, wanaagiza kontena zao wenyewe, wanakodi fremu, na wanauza hadi kipande kimoja kimoja barabarani. Upande wa pili walikuwako majirani. Kenya ililalamika kwamba amri inakwenda kinyume na soko la pamoja la Afrika Mashariki, na watu wakakumbushana kuwa Watanzania nao wana maduka nje ya mipaka yao.

Mimi naona malalamiko ya Kariakoo ni ya kweli. Mtu aliyekaa miaka kumi akijenga jina, halafu kiwanda chenyewe kikaja kufungua duka mbele yake, hawezi kuambiwa kwamba huo ni ushindani wa kawaida. Desturi ya Mogadishu ilikuwa imeliona tatizo hilo. Mgeni aliruhusiwa kuleta chochote, lakini aliuza mwenyeji wake akiwapo, na mwenyeji akapata faida yake. Hapo hapo desturi hiyo ilimlinda mgeni asilaliwe bei, asitapeliwe, asipigwe danadana. Amri yetu imeshughulikia upande mmoja tu. Imesema mgeni asifanye nini. Haijasema anayekuja kwa halali atafanya kazi na nani, atalindwa na nani akidhulumiwa, na dalali aliyemuuzia fremu hewa atawajibishwa vipi. Marufuku bila dhamana huzaa biashara ya majina: leseni inaandikwa kwa jina la raia anayelipwa mwisho wa mwezi kwa kukaa kimya, na duka ni lile lile.

Ubaya wa mji kumgeukia mgeni tuliuona Guangzhou yenyewe. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika katika mji huo walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, wengine wakalala barabarani na masanduku yao, bila kujali walikuwa wamepimwa au la. Serikali za Afrika zililalamika. Kwa miaka mingi Guangzhou ilikuwa imewapokea wafanyabiashara hao kwa mikono miwili, ikala faida yao, na mitaa ya Xiaobei ikajaa mikahawa yao. Hofu ilipoingia ikaonekana kwamba wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwajibia mbele ya mwenye nyumba wala mbele ya polisi. Nadhani mji wa dunia unapimwa hapo, siku ya hofu. Siku ya maonyesho ya biashara kila mji una tabasamu.

Dubai inatoa jibu la aina yake. Karibu watu tisa kati ya kumi wanaoishi huko si raia. Hori ilichimbwa ikawa na kina mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ya Jebel Ali ikafunguliwa mwaka 1979, na leo katika mtaa wa Deira unasikia Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa na cha Bujumbura katika duka moja. Mzigo unakwenda haraka, karatasi zinaeleweka, usiku unatembea bila wasiwasi. Lakini mlinzi, dereva au mfanyakazi wa ndani anaweza kutumika miaka ishirini na kibali chake kikaisha pamoja na kazi. Mji huo unamdhamini mtu kwa muda wa mkataba wake. Kwa biashara hilo linatosha. Kwa maisha ya binadamu halitoshi, na sidhani tunapaswa kulitamani.

Kuna kundi jingine ambalo husahaulika kila tunapozungumza habari za mgeni na mwenyeji: watu wa mji wenyewe ambao ukuaji wa mji unawageuza wageni. Fremu ya Kariakoo hulipiwa kilemba kabla ya kodi yenyewe, na anayekosa kilemba anahamia barabarani. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kwenye mitaa mikubwa ya Dar es Salaam na kupelekwa maeneo ambayo wengi walisema hayana wateja. Barabara zilipumua, ni kweli, na mwenye duka aliyezibwa mlango alishukuru. Lakini machinga ndiye mkono wa mwisho wa kontena kutoka Guangzhou. Mji ulioipangia meli gati, na lori njia, ulishindwa kumpangia yeye mita mbili.

Mvua nazo zinaeleza habari hiyo hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na bonde la Mto Msimbazi linalopita Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, limejaa nyumba, taka na mchanga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya mjini. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani hapo hapo, na mabasi yakaingiliwa na maji, si mara moja. Basi la kisasa lenye milango inayojifungua yenyewe lilisimama kwenye tope kwa sababu watu waliopanga walisahau kuuliza mto unapita wapi. Wazee wa Magomeni wangewaambia bure.

Na majengo. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo, mtaa wa Mchikichi na Kongo, liliporomoka watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walikufa na wengi walijeruhiwa. Iliripotiwa kwamba chini ya jengo palikuwa pakichimbwa ili kuongeza nafasi za biashara. Waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya kifusi, wakiomba maji na hewa, na watu wa kwanza kuwafikia walikuwa wafanyabiashara wenzao na vijana wa mtaani, mikono mitupu, kabla ya mitambo.

Sitaki msomaji adhani hayo ni ya miji maskini. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, magharibi mwa London, liliungua na kuua watu 72. Lilikuwa katika mojawapo ya wilaya tajiri kuliko zote Uingereza, na wengi wa waliokufa walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, watu kutoka Moroko, Eritrea, Ethiopia, Sudan na Syria. Nje ya jengo palikuwa pamebandikwa vibao vyenye plastiki inayoshika moto. Wakazi walikuwa wameandika malalamiko juu ya usalama kabla ya maafa, na hawakusikilizwa. London iko daraja la juu kabisa katika kila orodha. Ina benki, wanasheria na wahasibu wa kutosha kuiweka huko milele. Ilikosa ofisa mmoja wa kuamini barua ya mpangaji.

Nikiyaweka pamoja majengo hayo mawili, naona udhaifu ule ule. Fedha inayotoka mbali hupewa mapokezi, wanasheria na dhamana ya serikali. Mtu aliyekuja na nguvu zake, na mtu aliyezaliwa hapo bila kitu, wanaachwa wajitafutie. Wakati vijana wa Mogadishu walipotoka na mashua, walikuwa wakimchukulia mtu dhamana, na mzigo ulifuata nyuma yake. Sisi siku hizi tumeudhamini mzigo.

Kwa hiyo nina rai kwa wanaoliendesha jiji la Dar es Salaam na wizara zinazohusika. Kila ghorofa la Kariakoo likaguliwe, na matokeo yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili, yenye tarehe na jina la mhandisi. Mfanyabiashara wa nje mwenye shughuli halali asajiliwe pamoja na mshirika raia ambaye wote wawili wanabanwa na sheria, na wawekewe dawati la kusikiliza dhuluma hapo hapo sokoni, karibu na mizigo yao. Mama lishe na machinga wawekwe kwenye ramani ya mtaa kabla ya kuchorwa maegesho ya magari. Nawe msomaji uliye na fremu pale, nenda leo kamuulize mwenye jengo lilikaguliwa lini. Akikupa maneno matupu, andika barua, wekeni sahihi wapangaji wote, na nakala muipeleke ofisi ya serikali ya mtaa.